Kukabidhi Silaha: Ni Ujumbe au ni Dhamana?

Baadhi ya ndugu zetu walio na jamaa huko Marekani wametuletea suala ambalo tumeona lastahili kujibiwa kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna jambo limpasalo kila mtu apokeaye kitu kwa mkono mmoja na kukitoa kwa mkono wa pili. Suala lenyewe ni hili: Katika nchi ile mtu aweza kununua bunduki au bastola kwa intaneti kutoka mji wa mbali. Silaha ile hupelekwa kwa mwenye duka la silaha aliye karibu naye, na huyu humkabidhi na kuchukua ujira wake. Sasa silaha ile ikija ikamwua asiye na hatia, je, mwenye kuikabidhi ana lawama? Au yeye ni kama mjumbe, na wahenga wamekwisha kusema kwamba mjumbe hauawi?

Kabla ya kujibu haina budi kulieleza jambo lilivyo, kwani wanazuoni wamesema kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Wengi wetu husikia khabari za silaha za Marekani kama wasikiavyo hadithi, wakalaumu wasilolijua au wakasifu wasilolijua.

Mambo huenda hivi. Mtu hukaa nyumbani kwake akatazama picha za silaha katika intaneti, akachagua aipendayo, akalipa kwa kadi ya benki. Lakini muuzaji akiwa ni wa jimbo jengine, sheria ya serikali kuu haimruhusu kumpelekea mnunuzi silaha ile mlangoni, kama apelekewavyo kitabu au viatu. Ni lazima aipeleke kwa mfanya biashara mwenye leseni ya silaha katika jimbo la mnunuzi. Huyu aipokeapo huiandika katika daftari lake: aina yake, nambari yake, imetoka kwa nani na siku gani. Kisha mnunuzi huja mwenyewe kwa miguu yake. Huonyesha kitambulisho chenye picha na hujaza fomu ya serikali iitwayo 4473. Ndani ya fomu hiyo huulizwa: Je, wewe ndiwe mnunuzi wa kweli, au wamnunulia mwengine? Umepata kuhukumiwa kwa kosa kubwa? Je, wewe ni mkimbizi wa sheria? Watumia madawa ya kulevya? Umepata kuamuliwa na mwenye mamlaka kwamba una upungufu wa akili? Akisha kujibu na kutia sahihi, mwenye duka huiuliza idara ya upelelezi ya FBI, au idara ya jimbo lake, naye hupata jawabu moja katika tatu: mpe, usimpe, au ngoja. Akiambiwa ampe, humkabidhi na kuchukua ujira, ambao aghalabu ni mdogo ukilinganishwa na bei ya silaha yenyewe.

Utaratibu huu haukuwako tangu zamani. Mwezi wa Machi 1963 mtu mmoja wa Dallas, Lee Harvey Oswald, aliagiza kwa posta bunduki ya Kitaliani yenye darubini kutoka duka la Chicago liitwalo Klein's. Alilipa dola 21 na senti 45, pamoja na gharama ya kuipeleka. Aliiagiza kwa jina la uwongo, A. Hidell, na bunduki ikaenda katika sanduku lake la posta. Muuzaji hakumwona mnunuzi, wala mnunuzi hakumwona muuzaji. Novemba 22 ya mwaka ule ule Rais John Kennedy aliuawa, na Tume ya Warren iliyochunguza mauaji hayo ikasema katika ripoti yake ya 1964 kwamba aliuawa kwa bunduki hiyo. Duka lile halikuvunja sheria yo yote, maana sheria ya kuvunja haikuwako.

Mwaka 1968, baada ya kuuawa Martin Luther King mwezi wa Aprili na Robert Kennedy mwezi wa Juni, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Silaha, Oktoba 22. Sheria hiyo ndiyo iliyoikata njia ya posta, na ikasema kwamba silaha ivukayo mpaka wa jimbo kwenda kwa mtu wa kawaida ipite katika mkono wa mwenye leseni. Baadaye ikaja Sheria ya Brady ya 1993, na kwa sababu yake utaratibu wa kuuliza FBI papo hapo ulianza Novemba 30, 1998.

Basi tuizingatie hekima ya jambo hili. Sanduku la posta halina macho wala halina haya. Halijui kama atiaye ufunguo ni mzima au amelewa, ana furaha au ana ghadhabu. Watunga sheria waliliondoa sanduku wakaweka binadamu mahali pake. Lau walitaka karatasi peke yake, karatasi ingeweza kwenda kwa posta pia. Walimtaka mtu mwenye kusimama mbele ya mtu. Kwa hivyo mwenye duka akikubali kuwa kama sanduku, apokee na kutoa bila ya kutazama, ameirudisha njia ile ile iliyokatwa mwaka 1968, ijapokuwa fomu zote zimejazwa.

Tuutazame mfano mmoja ambao umeandikwa na kuchunguzwa. Mwezi wa Februari 2007 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Virginia Tech, katika mji wa Blacksburg, alinunua bastola kwa intaneti kutoka kwa muuzaji wa jimbo la Wisconsin. Bastola ilipelekwa katika duka moja la rehani lenye leseni, karibu na chuo, naye akaenda akajaza fomu, polisi wa jimbo wakaulizwa, jawabu ikatoka kwamba apewe, akapewa. Mwezi uliofuata alinunua bastola ya pili dukani katika mji wa Roanoke. Aprili 16, 2007, kwa bastola mbili hizo, aliua watu 32, kisha akajiua mwenyewe.

Ikaja kudhihirika kwamba mtu huyu, Desemba 2005, alikuwa amekwisha kuamuliwa na hakimu wa Virginia kuwa ni khatari kwa nafsi yake, akaamrishwa atibiwe bila ya kulazwa hospitali. Kwa sheria ya serikali kuu mtu wa namna hiyo hakuwa na ruhusa ya kununua silaha. Lakini jimbo la Virginia siku zile lilikuwa likipeleka katika orodha majina ya waliolazimishwa kulazwa tu. Jina lake halikuwamo.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji, jinsi lawama inavyopita kutoka mkono hadi mkono kama kaa la moto. Muuzaji wa Wisconsin atasema: Mimi sikumpa mtu silaha, niliipeleka kwa mwenye leseni. Mwenye duka la rehani atasema: Mimi sikuuza, nilipokea mzigo wa mtu nikamkabidhi mwenyewe, tena baada ya kuuliza. Polisi wa jimbo watasema: Sisi tulitafuta jina, hatukuliona. Jimbo litasema: Sisi tulipeleka majina tuliyofahamu kuwa yatakiwa. Kila mmoja anasema kweli, na kila mmoja ana karatasi yake mkononi. Na watu 32 wamekufa. Waliirekebisha orodha, hapana shaka: gavana wa Virginia alitoa amri Aprili 30 ya mwaka ule, na sheria ya nchi nzima ikatiwa sahihi Januari 2008. Lakini kurekebisha orodha hakulijibu suala letu.

Wala hatusemi kwamba mwenye duka lile alijua akanyamaza. Hapana ushahidi wa hayo, na kumtupia mtu damu bila ya ushahidi ni dhulma. Tunalolitafuta ni kipimo: mtu aliye mahali kama pale adaiwa nini?

Turudi kwenye methali ya mjumbe. Mjumbe hauawi kwa sababu tatu. Ya kwanza, achukuacho ni neno la mwengine, na ubaya wa neno uko kwa mwenye kulisema. Ya pili, hana khiyari: ametumwa, na asipofikisha amefanya khiyana. Ya tatu, lau auawapo, watu wasingeweza kusemezana wala kusuluhiana. Sasa mtie mwenye duka katika mizani hii. Achukuacho si neno, bali ni chombo cha kuulia. Hakutumwa na mtu awezaye kumlazimisha. Sheria inamruhusu kukabidhi, haimwamrishi. Sheria ile ile yamkataza kukabidhi akiwa na sababu ya kuamini kwamba mnunuzi ni katika waliokatazwa, au kwamba anamnunulia mtu mwengine aliyejificha nyuma ya jina lake. Na akikataa, hapana suluhu wala mazungumzo yatakayokatika duniani. Basi mtu huyu si mjumbe. Huyu ni bawabu. Na bawabu akimpitisha mwizi hawezi kusema, "Mimi nilikuwa nafungua mlango tu," kwa kuwa kufungua na kutofungua ndiyo kazi yake.

Wanazuoni wa fiqhi walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya intaneti. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tuyafuatayo wengi wa watu wa pwani, umetajwa mfano wa kumuuzia zabibu mwenye kukamua mvinyo, na kumuuzia silaha haramia wa njiani. Wakapambanua daraja. Muuzaji akijua kwa yakini, au akiwa na dhana yenye nguvu, kwamba kitu kitatumiwa kwa maasi, kumuuzia ni haramu. Akiwa na shaka tu, ni makruhu. Na pasipo dalili yo yote, hapana ubaya. Wakaongeza neno ambalo ndilo ufunguo wa suala letu: kwamba hata pale palipo haramu, uuzaji wenyewe huwa umesihi. Yaani mkataba umetimu, mali imehama, hapana kadhi atakayeuvunja, na juu ya hayo yote muuzaji amepata dhambi. Basi kusihi kwa mkataba ni jambo mbali, na kuwa safi kwa mwenye kuufunga ni jambo mbali. Mwenye kuonyesha fomu iliyojazwa sawa ametuonyesha la kwanza, hakutuonyesha la pili.

Na ajabu ni kwamba sheria ya Marekani yenyewe imelihisi jambo hili. Mwaka 2005 ilipitishwa sheria iwakingayo watengenezaji na wauzaji wa silaha na mashitaka mengi ya madai pale silaha itumiwapo na mtu mwengine kwa uhalifu. Lakini humo humo ukaachwa mlango: muuzaji aliyempa silaha mtu ambaye alijua, au alipaswa kujua, kwamba yaelekea ataitumia kwa kudhuru, hakingwi. Yatazame maneno haya, "alipaswa kujua." Yanamtaka mtu atazame, si asubiri kuonyeshwa.

Huenda mtu akasema: Nyoyo za watu hazionekani. Mwenye duka atajuaje? Jawabu yake ni kwamba hatakiwi kujua kilicho moyoni, atakiwa kuona kilicho mbele ya macho yake. Mwaka 2009 katika jimbo la New Hampshire watu watatu, wasiojuana, walinunua bunduki katika duka moja, na kila mmoja akajiua kwa silaha aliyoinunua, yote katika muda usiozidi wiki moja. Hapana sheria iliyovunjwa. Mwenye duka hakusema, "Mimi nilifuata fomu." Aliumia, akakaa pamoja na watu wa afya ya umma, wakatafuta ni dalili gani mwenye duka aweza kuziona: mtu ambaye hajui lo lote la silaha wala hataki kujua, ana haraka isiyo na sababu, na huzuni imemtanda usoni. Wakawaandikia wauza silaha wenzao maelezo ya kuwafunza kumtambua mtu wa namna hiyo na kutomkabidhi siku ile. Majimbo mengine yakaiga. Na jambo hili si dogo, kwani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi Marekani ni watu waliojiua wenyewe. Mara nyingi mtu wa kulindwa na silaha ni yule yule aliyekuja kuichukua.

Mwengine atasema: Mimi nikimnyima, atapata kwengine. Hili laweza kuwa kweli, maana katika majimbo mengi mtu wa kawaida huruhusiwa kumuuzia mwenzake wa jimbo lile lile bila ya kuulizwa cho chote. Lakini hoja hii ikikubaliwa, hapana mwenye dhamana atakayebaki duniani. Mlinzi wa ghala atasema mwizi ataiba ghala jengine, na tabibu atasema mgonjwa atanunua sumu kwengine. Mtu haulizwi juu ya milango yote, huulizwa juu ya mlango alioukalia. Tena mara nyingi kucheleweshwa siku mbili tatu kumeokoa roho, kwa kuwa ghadhabu na kukata tamaa ni mawimbi, huja yakapita.

Wa tatu atasema: Kuwa na silaha ni haki ya raia wa nchi ile, imo katika katiba yao tangu 1791, na Mahakama Kuu yao ikathibitisha mwaka 2008 kwamba ni haki ya mtu mmoja mmoja. Twasema: Iwe ni haki. Lakini haki ya mtu kumiliki si faradhi juu ya mkono wangu kumpa sasa hivi. Juni 17, 2015, katika mji wa Charleston, watu 9 waliuawa kanisani wakiwa katika darasa la dini. Muuaji alianza kununua bastola yake Aprili 11, na jawabu aliyoipata mwenye duka ikawa ngoja. Sheria yasema kwamba zikipita siku tatu za kazi bila ya jawabu nyengine, muuzaji aweza kumpa mnunuzi. Aprili 16 akapewa. Mwezi wa Julai mkuu wa FBI alikiri kwamba lau uchunguzi ungalikamilika, mtu yule angalinyimwa. Sasa fahamu: sheria ilisema "aweza", haikusema "lazima". Yako maduka makubwa katika nchi ile ile ambayo hayatoi silaha mpaka jawabu ya mpe ipatikane, zipite siku tatu au zipite thelathini. Wote wako chini ya sheria moja, na baina ya "aweza" na "lazima" ndipo mtu anapojulikana.

Na iko hoja ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Atasema mtu: Mkimpa mwenye duka ruhusa ya kukataa kwa kushuku, atawashuku watu kwa rangi, kwa majina na kwa mavazi. Watu weusi na Waislamu wa nchi ile wameionja dhana hiyo, na sisi hatutaki kuinoa panga itakayotukata wenyewe. Hoja hii ni ya haki. Ndiyo maana wanazuoni wakatofautisha dhana yenye dalili na dhana tupu. Jina si dalili, kilemba si dalili, wala umaskini si dalili. Dalili ni tendo au neno la mtu yule mwenyewe: amekuja na mtu wa pili amwelekezaye achague ipi na kumpa fedha kwa kificho, jawabu zake zapingana, anena maneno ya kulipiza kisasi, harufu ya pombe yamtoka. Mwenye kukataa kwa rangi amedhulumu, na mwenye kukabidhi juu ya dalili kama hizi amedhulumu pia. Kuogopa dhulma ya kwanza kusitutie katika ya pili.

Kwa haya yote, jawabu yetu kwa ndugu zetu ni kama ifuatavyo. Kazi ya kupokea na kukabidhi silaha kwa njia ya sheria si haramu kwa dhati yake. Wako wawindaji, wako wakulima wa mashamba ya mbali, wako wenye kuhofia nafsi zao kwa sababu ya kweli, na wengi wa wanunuzi ni watu wa amani. Lakini ujira wa mwenye kukabidhi si ujira wa kubeba mzigo. Ni ujira wa kutazama. Akiutazama uso wa mnunuzi, akamsemeza, akasoma jawabu zake kwa makini, akangoja panapotakiwa kungoja, na akathubutu kusema "leo sikupi" panapokuwa na dalili, ametimiza yaliyo juu yake, na yatakayotokea baada ya hapo hayamwandami. Ama akiisukuma fomu kwa kidole na macho yake yako kwenye fedha, huyo ana lawama tangu siku ile, hata ikiwa silaha ile haikumdhuru mtu milele.

Kwetu Kenya silaha haipatikani kwa njia hii. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yamtaka mtu apate kwanza cheti kwa wenye mamlaka kabla ya kuimiliki. Lakini tusijidanganye kwamba suala halituhusu. Mwenye duka la dawa ampaye kijana vidonge vya usingizi kwa wingi kwa kuwa karatasi ya daktari inaonekana sawa, mwenye gari ampaye ufunguo mtu amwonaye amelewa kwa kuwa ana leseni, dalali afungishaye mkataba wa nyumba ya mayatima kwa kuwa mihuri imetimia, wote hawa wamekaa mlangoni, na wote husema ni wajumbe. Kila mmoja wetu naajiulize ni mlango gani alioukalia, na lini mara ya mwisho alipomtazama usoni mtu aliyempitisha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.